Glavu za Kiguu

Mlangoni kwa Mama Jemu hapakuwa na habari ya kupiga hodi na kukaribishwa. Ukifika na kikapu chako cha matunda, hata hujakitua, sauti ilitoka ndani: "Mikono!" Basi unainyoosha juu ya meza ya mbao, naye anaikagua mbele na nyuma kama mwalimu anayekagua kucha za wanafunzi. Ikiwa imechanika, ina mikwaruzo mibichi na damu imekaukia kwenye vifundo vya vidole, ndipo anapokitazama kikapu. Ikiwa ni safi, anakisukuma kikapu kurudi kwako, na wala usijisumbue kuapa.

Watu walimsema sana. Walisema mama yule ana roho ngumu, hanunui tunda mpaka aone damu ya mtu. Waseme tu. Hao hao ndio waliojipanga dirishani kwake asubuhi na mikate yao mikononi, wakitaka kupakiwa kijiko kimoja cha jemu nyeusi, na wengine wakiomba kulamba mwiko.

Sababu ya ukaguzi ule ilikuwa huko porini nyuma ya mji. Huko huota kichaka kifupi chenye miiba, kimejikunja kama kizee chenye hasira, na maua yake meupe hunukia vizuri mno. Vitunda vyake huanza kijani, vikawa vyekundu, vikaiva vyeusi kama zambarau. Watu waliviita zabibu pori. Lakini pale pale, hasa penye mawe, huota mti mwingine wa kimo kile kile, na maua meupe yale yale, na utomvu mweupe ule ule ukivunja tawi. Huo wa pili ndio ambao wawindaji wa zamani walichemsha magome na mizizi yake wakapaka sumu yake kwenye mishale, na mpaka leo unaitwa mti wa mishale. Matunda yake nayo huiva meusi. Mchumaji mwenye haraka anaweza kuvichanganya, na mnunuzi akiona vimelala kikapuni ndiyo kabisa. Kitu kimoja tu hakina ubishi: mti wa mishale hauna mwiba hata mmoja.

Ndiyo maana mama mkwe wake, aliyeianza biashara ile na sufuria moja, alikuwa akimwambia, "Mwanangu, mimi siangalii tunda. Naangalia mkono uliolichuma."

Mama Jemu aliingia kwenye nyumba ile akiwa bibi harusi mwoga, na aliyemwogopa zaidi hakuwa mama mkwe. Alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mrefu mwenye ulimi wa wembe, ambaye mtaa mzima walimwita Kiguu kwa sababu alikuwa kiguu na njia, hakai. Siku ya kwanza Kiguu alimtazama kuanzia juu hadi chini akauliza, "Huyu ndiye mliyemlipia mahari yote ile, au mwenyewe anakuja nyuma?" Kesho yake akamchukua hadi porini kuchuma. Bibi harusi alirudi analia, mikono imeraruka. Kiguu akamwosha mikono kwa maji ya chumvi, taratibu, bila neno la dhihaka hata moja, na tangu siku hiyo wawili wale walitukanana kila asubuhi kwa mapenzi makubwa.

Mume alikuwa fundi baiskeli. Kifua kilimchukua akiwa bado na nguvu zake. Kiguu mwenyewe alikuwa ameshaolewa na kurudi, maana mwanamume yupi angemweza? Basi mama mkwe naye alipofariki, nyumba ikabaki na wanawake wawili, majiko mawili ya mkaa, sufuria kubwa la masikio, rafu ya chupa zilizooshwa na meza ile ya mlangoni. Mmoja alichuma, mwingine akapika. Wachumaji wengine walikuja na kuondoka, lakini kikapu cha Kiguu ndicho kilichokuwa kikapu. Na hata yeye hakusamehewa. "Mikono!" Naye huileta puani kwa Mama Jemu: "Haya, nusa kabisa!"

Kisha ikaja sukari. Kiguu alianza kunywa maji kama ngamia, akakonda, na mwiba mmoja mdogo uliomwingia kwenye kidole cha pete ukageuka donda, donda likageuka jeusi, na hospitali wakakikata kidole. Muuguzi aliyemfunga bandeji alizungumza na Mama Jemu pembeni.

"Mama, mkwaruzo mwingine kama huu utachukua mkono mzima. Baada ya hapo sijui. Na vitamu basi. Hata tunda moja la porini asionje."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Na huko kuchuma aache."

Hilo nalo alilisikia. Lakini alipomfikishia mgonjwa, Kiguu aliitazama bandeji yake, akasema, "Niache kuchuma nifanye nini, wifi? Nikae ndani kama kabati? Hapo mtanizika kabla sukari haijanimaliza."

Mama Jemu alimwona jinsi alivyosema, akajua hatanii. Na yeye alikuwa na nani mwingine duniani? Akaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma ng'ambo ya barabara, akanunua glavu za ngozi, zile nene zinazofika karibu na kiwiko. Akazishonea kamba za kufungia. Kiguu alizivaa akasimama katikati ya chumba, ngumi juu. "Haya, bondia nimefika. Nani ataanza?" Walicheka mpaka jirani akachungulia.

Ilikuwa busara, na yeyote angefanya vile. Hilo lazima lisemwe. Siku za mwanzo glavu zilirudi na mikwaruzo myeupe, mibichi, na Mama Jemu alipoita "Mikono!" aliikagua ngozi ya ng'ombe kama alivyokuwa akikagua ngozi ya wifi yake, akaridhika. Lakini ngozi ya mtu hupona. Mkwaruzo ukiuona kwenye mkono wa mtu, ni wa leo au wa jana. Glavu haziponi. Mwezi haukuisha zikawa zimejaa michirizi kila mahali, ya leo, ya juzi na ya wiki iliyopita, yote pamoja, na hata kama zingeshinda zimetundikwa msumarini zingetoa ushahidi ule ule. Mama Jemu hakuliona hilo. Aliendelea kuita, akaendelea kutazama, akaendelea kuridhika.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuliweka akilini. Zamani Kiguu alikuwa akichuma huku anakula, moja kikapuni, moja kinywani, na midomo yake ilirudi myeusi. Sasa alikatazwa. Alichuma kinywa kimefungwa.

Mwaka ule mvua ilikata mapema. Vichaka vya karibu vikakauka vikiwa na maua. Wachumaji wengine walirudi jioni na matunda ya kufunika tako la kikapu, mikono yao imeraruka vibaya, wanalalamika. Kiguu peke yake alirudi mchana, kikapu kimejaa hadi ukingoni, wala hatoki jasho.

"Umeyatoa wapi haya?" Mama Jemu aliuliza kwa furaha.

"Kule kwenye kilima cha mawe. Yamejaa, wifi, hata hayaguswi. Hata ndege hawayataki, wanatuachia sisi."

"Ndege wa siku hizi nao wana maringo," akasema Mama Jemu, akakimimina kikapu kwenye beseni. Maneno yale yalipita masikioni mwake kama upepo. Baadaye aliyakumbuka yote, neno kwa neno, na sauti yake mwenyewe ikicheka.

Aliweka matunda jikoni, akayaponda kwa mwiko, akamimina sukari, akaacha yachemke. Povu lilipanda, akaliengua. Rangi ilikuwa ile ile, nyeusi inayong'aa. Kiguu alikuwa ameshaondoka tena na kikapu kingine, maana siku ya neema haiachwi ikapita. Mama Jemu akatandika kitambaa cha kuchujia juu ya sufuria la pili, akamimina uji ule, akauacha upoe kidogo, akaunganisha pembe za kitambaa na kuanza kukamua kama alivyokamua miaka yote.

Viganja vyake ndivyo vilivyoshtuka kwanza. Zabibu pori ina vijimbegu vyembamba, bapa, vingi, na kitambaa kilichojaa vijimbegu vile hukwaruza kama mchanga. Hiki kilijaa vitu vya mviringo. Vilitelezateleza ndani ya kitambaa, vinene, kama punje za kahawa. Akakifungua juu ya meza. Akachukua mbegu moja, akaifuta kwa aproni, akaiweka kiganjani. Akachukua nyingine.

Alibaki amesimama. Nje mtu alikuwa anapiga mluzi akiosha pikipiki, na sauti ile ilimuudhi bila sababu.

Alitoka nyuma ya nyumba hadi kwenye shimo la taka, akapiga magoti, akachakura kwa kijiti makapi ya masufuria yaliyopita. Mbegu zote zilikuwa nyembamba na bapa. Akarudia upande wa pili, akachakura chini kabisa. Nyembamba, bapa. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe ni sufuria hili tu, na halijatoka nje ya mlango. Hakuna aliyekula. Yeye mwenyewe hakuwa ameonja bado. Akakaa chini pale pale kwenye majivu.

Lakini shukrani ile haikukaa. Kiguu alizaliwa pembeni ya pori lile. Alikuwa akiutambua mti wa mishale akiwa mbali, akiupita bila kugeuka. Mtu huyo anawezaje kujaza kikapu kizima?

Jibu lilikuja na miguu yake. Kiguu aliingia saa ya jua kuanza kulegea, kikapu kichwani, glavu mikononi, akasimama kizingitini na kutabasamu kuelekea ukutani, mahali lilipotundikwa koti la mvua la marehemu fundi baiskeli.

"Aa, tuna mgeni! Karibu, bwana. Wifi, umempa hata maji?"

Mama Jemu alicheka. Alidhani ni yale mambo yao ya kila siku. Alicheka peke yake, akaona Kiguu bado amelitazama koti, bado anatabasamu kwa adabu, anasubiri kuitikiwa salamu. Kicheko kikamkauka kinywani.

"Ni koti, wifi."

"Najua ni koti," Kiguu akajibu upesi mno. "Huwezi kutaniwa siku hizi?" Akatua kikapu, akakosa ukingo wa meza, akakidaka kwa goti. Matunda machache yakabingirika sakafuni, meusi, mazuri. Akainama kuyaokota kwa kupapasa.

Mama Jemu alimtazama akipapasa. Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa mafupi: wifi, macho yako yameharibika, umechuma sumu. Lakini alijua kitakachofuata. Kiguu atazivua glavu, atazitundika, atakaa kwenye kiti kile cha dirishani, naye atakuwa anamsikiliza akifa kidogo kidogo, mchana na usiku. Kesho, akajiambia. Nitamwambia kesho nikishapanga maneno. Leo nitamwaga tu.

"Wifi, sufuria la leo limeharibika," akasema. "Liliungua. Nilisinzia."

Kiguu akainuka, akavuta hewa puani. "Limeungua? Mbona sisikii harufu ya moshi?"

"Chini. Limeshika chini."

"Wewe? Miaka yote hii hujawahi kuunguza hata maharage."

"Leo nimeunguza. Na hiki kikapu nacho tukiache. Nadhani msimu huu tupumzike kidogo, wifi. Matunda yenyewe si mazuri. Wale wasichana wengine wanaochuma wanaweza kuleta kidogo kidogo."

Alipotaja wasichana alijua amekosea. Uso wa Kiguu ulijifunga kama duka.

"Sema tu," akasema polepole. "Sema Kiguu amechoka, vidole vimepungua, anatia aibu. Usisingizie sufuria."

"Sikusingizii kitu, wifi yangu. Kaa unywe maji. Nakuja."

Akachukua jembe, akatoka. Hangeweza kumwaga jemu ile juu ya taka, kuku wa jirani wangeidonoa. Ilitaka shimo. Na sufuria lilikuwa bado juu ya mkaa, la moto na zito, hangelibeba kabla shimo halijawa tayari. Hakuwa na wasiwasi wa kuliacha. Kiguu hakuwa amegusa kitamu tangu akatwe kidole, na kwa hilo alikuwa mwaminifu kuliko mtu aliyefunga. Ardhi ilikuwa ngumu kwa ukame. Alichimba akilia, akijifuta kwa mkono wenye udongo, akijifundisha maneno ya kesho.

Aliporudi, Kiguu alikuwa amesimama mbele ya jiko. Amevua glavu, ameziweka mezani moja juu ya nyingine. Mkononi ana ule mwiko mkubwa, na mwiko ulikuwa mtupu, na midomo yake ilikuwa myeusi kama zamani.

"Haijaungua," akasema. Alikuwa na sauti ya ushindi. "Nimekula kijiko kizima nikarudia, nihakikishe. Ina uchungu kwa mbali, hiyo nakubali, lakini moshi hamna. Kwa hiyo sasa niambie ukweli, wifi. Umepata mchumaji mwingine?"

Mama Jemu alimrukia. Alimshika taya kama anavyoshikwa ng'ombe anayenyweshwa dawa, akamwingiza vidole kooni, na Kiguu akampiga kofi la nguvu. "Una wazimu?"

"Ni mti wa mishale! Tapika! Tapika, dada yangu, ni mti wa mishale!"

Hakuwahi kumwita dada. Pengine ni neno hilo ndilo lililomfanya Kiguu aache kupigana. Alikubali maji ya chumvi, akayanywa, akatapika kwenye ndoo, kitu kidogo cheusi, kisha maji matupu, kisha hakuna kitu. Akaketi sakafuni akiegemea mguu wa meza. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, baridi.

"Wewe ulijua tangu saa ngapi?" akauliza.

"Tangu mchana. Niliona mbegu."

"Na ukaniambia imeungua."

Mama Jemu alimfuta jasho kwa aproni.

"Mimi nilijua sioni vizuri," akasema Kiguu. Hakuwa na hasira, na hilo lilitisha kuliko kofi. "Tangu mwaka jana. Mbali na karibu naona ukungu. Nilikuwa najiambia, nikikosea, wifi atakamata mlangoni. Si ndiyo kazi yake? Kila nikirudi unaita mikono, unatazama, unasema sawa. Basi nami nikasema sawa."

Mama Jemu alitoka barabarani akapiga kelele. Yule kijana wa pikipiki, aliyekuwa ameshamaliza kuosha, alikuja bila kuuliza nauli. Wakampakia Kiguu katikati, Mama Jemu nyuma amemkumbatia kiunoni, shavu lake limelala mgongoni mwa wifi yake ili asikie moyo. Aliusikia. Ulipiga, ukakaa, ukapiga tena kwa kishindo, ukakaa zaidi. Kila ulipokaa alimbana kwa nguvu, na kila uliporudi alimwambia dereva aongeze mwendo.

Walipita soko, wakapita kituo cha mafuta. Kiguu akashika bega la dereva. Kisha akageuza kichwa kidogo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa kitu kizuri.

"Wifi. Mbona kila kitu kimekuwa cha manjano hivi? Barabara yote. Wewe huoni?"

Mama Jemu aliinua uso akatazama. Wingu la vumbi lilikuwa limefunika jua, na barabara ilikuwa ya kijivu mpaka mwisho wake. Kilikuwa kitu rahisi mno kusema naona, na ulimi wake ulikuwa umeshaanza.

"Hapana, wifi," akasema. "Hakuna manjano. Ni macho yako."